Mji unaohitaji mikono yetu utupe na pa kulala: barua ya wazi kutoka Msasani

Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani, Manispaa ya Kinondoni
Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni
Nakala: Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi

YAH: MAKAZI YA WATU WANAOFANYA KAZI MASAKI, OYSTERBAY NA MSASANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimezaliwa Msasani mwaka wa Uhuru, baba yangu akiwa mvuvi na mama akikaanga samaki jioni njia panda. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu 1984, na kuanzia 1988 hadi nilipostaafu 2021 nilifundisha shule moja ya Serikali ndani ya kata yetu ya Msasani, ambayo ndani yake zimo Masaki na Oysterbay. Nawaandikia kwa sababu ya jambo nililolisoma kwenye rejesta ya shule, na kwa sababu kila nikienda kwenye mkutano wa wananchi nasikia kauli ile ile: Msasani ni ya matajiri, haina shida, fedha zipelekwe kwingine.

Mwalimu yeyote anaijua rejesta ya uandikishaji. Ina safu ya jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, kazi ya mzazi, na mahali anapoishi. Mwaka 1988 niliandika darasa la kwanza kwa mkono wangu. Kwenye safu ya kazi ilikuwa hivi: mvuvi, mvuvi, mkurugenzi wizarani, dereva wa Serikali, muuza samaki, mpishi, karani bandarini, daktari, mvuvi, askari. Kwenye safu ya makazi kulikuwa na majina machache tu yanayojirudia: Msasani, Oysterbay, Masaki, Mikoroshini. Watoto wote walikuja kwa miguu. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mpishi wa nyumba ile ile walikaa dawati moja, wakapigana, wakapatana, wakagawana mhogo mapumziko.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu niliandika darasa la kwanza tena. Safu ya kazi: mlinzi, kazi za ndani, kazi za ndani, bodaboda, mama lishe, usafi, mlinzi, kibarua. Safu ya makazi: Mbagala, Kivule, Gongo la Mboto, Bunju, Tegeta, Mbagala, zote mbali, pembezoni mwa jiji. Kulikuwa na ukurasa mzima usio na hata mtoto mmoja anayelala Msasani. Shule ni ile ile, na mwembe uani ni ule ule. Waliohama ni watu.

Mtaniuliza kwa nini mtoto wa Gongo la Mboto asome Msasani wakati Gongo la Mboto kuna shule. Nilimuuliza mama mmoja swali hilo. Akanijibu, "Mwalimu, mimi natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, narudi saa mbili usiku. Nikimwacha kule nitamwachia nani?" Alikuwa anafanya kazi za ndani Masaki. Mwanawe alikuwa darasa la pili. Walipanda daladala ya kwanza na mtoto akakaa mapajani kwa mama ili konda asimsumbue, maana makonda hawampendi mwanafunzi, nauli yake ndogo. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu mtoto alikuwa ameshafika, geti la shule bado limefungwa, mama ameshakwenda kazini. Alikaa kwenye ngazi za kibanda cha mlinzi. Kipindi cha kwanza nilikuwa namkuta amelala na mkoba bado uko mgongoni. Nilizoea kumwacha alale mpaka kipindi cha pili, nikimvua mkoba polepole. Mchana, wenzake wakirudi makwao, yeye alivuka barabara akaenda kukaa chini ya mwarobaini nje ya ukuta wa nyumba anayofanyia kazi mama yake, mpaka jua litue. Mwenye nyumba hakutaka mtoto ndani ya geti. Kazi ya hesabu niliyompa aliifanyia pale, juu ya tofali.

Huyo ni mtoto mmoja, lakini nimefundisha wengi wa namna yake, na kila mwaka waliongezeka.

Naomba mnivumilie nieleze tulikotoka, kwa sababu bila hapo ombi langu halitaeleweka.

Kijiji cha Msasani kilikuwepo kabla Oysterbay haijapimwa. Makaburi yetu ya kale ya mawe ni ushahidi tosha. Waingereza walipoupanga mji waliendeleza utaratibu wa kanda ulioanzishwa na Wajerumani, na wazee wetu wakazipa majina tunayoyatumia hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba sheria ya kanda haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya nyumba. Kanda moja nyumba za mtindo wa Kizungu peke yake, kanda nyingine nyumba na maduka, kanda ya tatu nyumba za wenyeji. Asiyeweza kujenga nyumba ya matofali yenye uwanja mkubwa na choo cha ndani hakuhitaji kufukuzwa Oysterbay. Hakufika.

Baada ya 1961 wakubwa wapya waliingia kwenye nyumba za wakubwa wa zamani. Nyumba za Serikali zilikwenda na cheo. Ukipandishwa unahamia, ukistaafu unatoka, anaingia mwingine aliyekuja kutoka Songea au Bukoba na watoto wake watano. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi Msasani, jirani na wavuvi. Sisemi ulikuwa usawa, maana sisi wa kijijini tulichota maji kisimani huku wenzetu wakimwagilia maua. Lakini tulikuwa tunaishi mahali pamoja, na rejesta ya 1988 ndiyo picha yake.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi, na hiki naomba mkitazame kwa makini kuliko vyote. Nyuma ya kila nyumba kubwa Oysterbay na Masaki palikuwa na boi kota. Jina lake ni la kikoloni na halinipendezi, ila ndilo jina lililobaki. Vyumba viwili au vitatu, bomba la nje, choo, jiko la mkaa barazani, kamba ya nguo. Humo aliishi mpishi na mkewe na watoto, au mtunza bustani, au dereva. Wengine walikaa miaka ishirini, wakubwa wakibadilika wao wakibaki. Wanafunzi wangu wengi wa miaka ile walitoka boi kota. Nimekwenda kwenye arobaini na maulidi huko uani, nikakalia mkeka, huku mwenye nyumba akitoka mlango wa jikoni kuja kutupa pole.

Kuanzia 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi nchi nzima, na nyingi zilizokuwa na thamani kubwa zilikuwa huku kwetu. Sharti lilikuwa mnunuzi asiuze kabla ya miaka 25, muda ambao kwa wale wa mwanzo unafika ukingoni 2027. Sitaki kufufua ugomvi wa mauzo yale. Bunge na magazeti yalijadili vya kutosha. Nasema tu lililofuata mtaani. Nyumba iliyokuwa inakwenda na cheo ikawa mali ya mtu, na mali ya mtu ilipo bahari huvutia wenye fedha. Wakaja balozi, mashirika, kampuni za madini, baadaye za gesi. Kodi zikaandikwa kwa dola. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, mtu akaweza kuwa na hati ya apatimenti moja ndani ya ghorofa. Basi kiwanja kilichokuwa na bangaloo moja kikawa na maana nyingine kabisa.

Nimeshuhudia bangaloo zikibomolewa Chole Road, Toure Drive na mitaa ya ndani. Utaratibu ni ule ule. Mabati yanazungushwa, miembe inakatwa, nyumba inaangushwa siku mbili, na boi kota inaangushwa asubuhi moja. Linapanda ghorofa. Mahali pa familia moja ya mkubwa panachukuliwa na familia nyingi zenye kipato kikubwa zaidi. Mahali pa familia ya mpishi hapachukuliwi na mtu. Ramani mpya haina boi kota. Ikiwa na huruma ina chumba kidogo pembeni ya jiko, kitanda kimoja, kwa ajili ya dada asiye na mume wala mtoto.

Na hapo ndipo hesabu inapokataa. Ghorofa lile linahitaji wafanyakazi wengi kuliko bangaloo: walinzi wa zamu mbili, wafagia ngazi, fundi wa lifti, wa jenereta, wa bwawa la kuogelea, dada wa kila apatimenti, madereva, vijana wa kuleta chakula kwa pikipiki. Kila kibali cha ujenzi kimeongeza kazi na kimepunguza vyumba vya wafanya kazi. Sijawahi kuona mahali popote kwenye kibali panapouliza watu hawa watalala wapi. Jibu limejiandika lenyewe kwenye rejesta yangu: Mbagala, Kivule, Gongo la Mboto, Bunju.

Kipato chao tunakijua, maana Serikali imekiandika. Amri ya mishahara iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025 iliweka kima cha chini cha shilingi 250,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 200,000 kwa wa maofisa wenye stahili, 120,000 kwa wengine wasiolala kwa mwajiri, na 60,000 kwa wanaolala. Sasa nendeni na hiyo 250,000, iliyokuwa kubwa kuliko zote, mkatafute vyumba viwili vya kupanga Msasani kwa mtu mwenye watoto. Dalali atawataka kodi ya miezi sita mkononi, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya kwake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wameachwa wapambane, mmoja ana bahari dirishani na mwingine ana mtoto mgongoni.

Nilifurahi Machi 2025 zilipotoka kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Ni hatua nzuri na nawapongeza waliohusika. Lakini kubadilisha dola kuwa shilingi kwenye mkataba hakumrudishi mpishi. Mpwa wangu anatengeneza umeme kwenye majengo hayo, na ananiambia wenye nyumba wengi wanapiga hesabu kwa dola kichwani na kuiandika kwa shilingi karatasini.

Sitaki mnielewe vibaya. Siwachukii waliokuja. Mpwa wangu huyo anakula kwa sababu yao. Mama zetu wanauza samaki kwa bei ambayo marehemu mama yangu asingeiota. Wala siwezi kusema wenyeji wote walionewa. Baba yangu mdogo aliuza kiwanja chake mwenyewe, 2008, kwa hiari, ofisi ya serikali ya mtaa ikishuhudia, mimi nikiwa mmoja wa mashahidi. Alipata fedha ambazo ukoo wetu haukuwahi kuzishika. Alinunua kiwanja Bunju, akajenga vyumba vinne, akanunua Hiace ikapiga ruti miaka miwili kisha ikafa injini. Bahari akawa anaifuata kwa daladala. Alikuja kila Ijumaa kuswali Msasani, akakaa barazani kwangu mpaka alasiri akiangalia watu wanaopita, akiniuliza, "Huyu nani? Na huyu mtoto wa nani?" Nami mara nyingi sikuwajua.

Alifariki 2019. Alikuwa ameacha wosia azikwe Msasani kwa wazee wake. Coaster mbili zikaja na waombolezaji kutoka Bunju. Tulimzika baada ya adhuhuri. Tulipotoka makaburini nikaona watu wamesimama njiani hawajui waelekee wapi, kwa sababu kwa desturi yetu mtu akizikwa watu wanarudi nyumbani kwake. Nyumbani kwake palikuwa pameota ghorofa, na mlinzi getini alikuwa kijana mgeni, mpole, aliyetuuliza tunamtafuta nani. Tukapanda Coaster tukaenda kula matanga Bunju.

Mazishi ya namna hiyo sasa ni ya kawaida kwetu. Watu wa Msasani wanarudi Msasani wakiwa wamefunikwa.

Sasa nirudi kwenye kauli ile ya "kata ya matajiri". Sensa ya 2012 ilihesabu watu 48,920 katika kata ya Msasani. Ni namba moja. Ndani yake yumo balozi mwenye nyumba yenye lango la umeme, yumo mvuvi wa Makangira, yumo mama wa Bonde la Mpunga anayepanga chumba kimoja na watoto wanne. Ukichukua kipato cha wote ukakigawa sawasawa, mama wa Bonde la Mpunga anatoka tajiri kwenye karatasi. Nimefundisha wastani darasa la sita kwa miaka mingi. Niliwaambia watoto: mmoja akipata mia na mwingine sifuri, wastani ni hamsini, na hakuna hata mmoja aliyepata hamsini.

Hata kodi inatusoma hivyo hivyo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kodi ya jengo la kawaida inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni shilingi 18,000 kwa mwaka, na kwa ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Maana yake bangaloo yenye bwawa la kuogelea kando ya bahari na nyumba ya bati la zamani inayofurika kila masika zinalipa sawa, kwa kuwa zote hazina ghorofa. Najua viwango hivyo havipangwi na Manispaa. Nimevitaja ili muone kwamba mahali ambapo tofauti ya kipato ni kubwa kuliko pengine popote mjini, karibu kila kipimo tunachotumia kinaifuta.

Kwa hiyo la kwanza ninaloomba ni dogo na halina gharama kubwa. Wekeni wazi takwimu za kata yetu mtaa kwa mtaa: Masaki peke yake, Oysterbay peke yake, Makangira, Mikoroshini, Bonde la Mpunga. Idadi ya watu, ukubwa wa kaya, wanaomiliki na wanaopanga. Mwaka 2022 sensa ilipita kila mlango, na operesheni ya anwani za makazi ikabandika namba kila nyumba. Kazi ya kuhesabu imeshafanyika. Tubandikieni kwenye mbao za matangazo za serikali za mitaa, ili siku mwingine akisema hatuna shida, mwenyekiti wa mtaa aweze kunyoosha kidole ukutani.

La pili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Serikali bado ina ardhi huku. Vipo viwanja na nyumba za umma, chini ya taasisi mbalimbali, ambazo hazikuuzwa. Kila kimoja kinapovunjwa ili kijengwe upya, ombi langu ni kwamba sehemu ya vyumba vitakavyojengwa itengwe kwa ajili ya watu wanaofanya kazi ndani ya kata hii kwa mishahara niliyoitaja, kwa kodi inayolingana na mishahara hiyo, na iandikwe kwenye masharti ya kibali kabla ya jiwe la msingi. Iwe vyumba vya familia, si vitanda vya watu wasio na watoto. Na kwa viwanja vya watu binafsi, anayeomba kibali cha kugeuza bangaloo kuwa ghorofa aulizwe kwenye fomu: jengo hili litaajiri watu wangapi, na umewawekea nini? Akishindwa kuwajengea hapo, achangie mfuko wa kuwajengea jirani, hapa hapa kwenye kata. Boi kota ilikuwepo kwa sababu aliyechora ramani ya mkoloni alijua mpishi lazima alale mahali. Sisi watu huru tunaweza kumchorea mahali pa heshima kuliko pale, penye mlango wake wa mbele.

Mkisema haiwezekani, nitawaomba mvuke mji kidogo mfike Magomeni Kota. Pale palikuwa na kaya 644 zilizoondolewa nyumba za zamani zikavunjwa, zikahangaika miaka kupanga huku na huku. Wengi tuliamini hawatarudi, maana Magomeni imekuwa katikati ya mji. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya, na wale wale wa kaya 644 wakapewa nafasi ya kwanza. Nilikwenda kumpongeza mwalimu mwenzangu mwenye ndugu aliyerudi. Kulikuwa na bibi mmoja anapanda ngazi kwa kushika ukuta, anasimama kila sakafu, anacheka. Aliyepanga pale alianza na orodha ya majina ya watu, kisha akachora jengo. Mkianza na orodha, na sisi tutapatikana.

Wiki hiyo hiyo ya Machi 2022 lilizinduliwa rasmi daraja la Tanzanite, kilomita moja juu ya bahari, kutoka upande wa Aga Khan hadi Coco Beach. Ni zuri, na limepunguza foleni ya daraja la zamani la Selander. Lakini tangu lifunguliwe madalali wamezidi kupita Msasani ya chini. Wanaingia mpaka vichochoro ambavyo zamani walikuwa wanaviogopa, na wanauliza nyumba ya nani ina mgogoro wa mirathi. Nawaambia hili mapema ili miaka kumi ijayo msije mkashangaa.

Mengine nayapitia kwa kifupi, kwa sababu wengine wameshayaandika vizuri kuliko mimi. Njia za kushuka pwani zinazibwa moja baada ya nyingine kwa kuta na mageti, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wavuvi wetu wanahitaji mwalo wao na njia ya kuufikia wakiwa na samaki begani, na watoto wa mji mzima wanahitaji bahari bila kiingilio. Coco Beach imebaki ya wananchi kwa kupiganiwa. Siku ya Jumapili nendeni mkaone watu wa Temeke na Ubungo wanavyokula mihogo na kachumbari mchangani, mtajua kwa nini. Na Bonde la Mpunga lilipewa jina hilo kwa sababu lilikuwa bonde la mpunga. Maji yalikuwa na mahali pa kwenda. Kila jengo linaloinua kiwanja chake kwa kifusi linayasukuma maji hayo kwa jirani wa chini. Kabla hamjatoa kibali kingine pale, tumeni mtu wakati wa masika, avae buti, apite nyumba kwa nyumba.

Narudi kwa mtoto yule wa mwarobaini. Alimaliza darasa la saba, nami nikiwa bado kazini. Alifaulu. Alipangiwa sekondari karibu na kwao, na nilifurahi kwa ajili ya usingizi wake. Mama yake bado anakuja Masaki. Nilikutana naye mwezi uliopita kituoni, ana mtoto mwingine mkononi, wa kike, na sare ya shule ile ile. Nilimsalimia mtoto, akaitikia "Shikamoo Bibi" kwa sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi.

Waheshimiwa, sina mbunge wa kunisemea wala wakili. Nina daftari. Nimenakili kwa mkono safu mbili za kila mwaka niliofundisha, kazi ya mzazi na mahali anapoishi, bila majina ya watoto. Nipo tayari kuliwasilisha mbele ya kamati yenu ya mipango miji siku yoyote mtakayoniita.

Na kama mtapenda kuona kwa macho kabla ya kusoma, njooni Jumatatu yoyote, saa 11:45 alfajiri, msimame kituo cha daladala cha Masaki. Msije na msafara. Waulizeni wanaoshuka wametoka wapi, wameamka saa ngapi, na mtoto wamemwacha na nani. Mimi huwa nipo pale, upande wa kushoto, nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mama wa vitumbua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Msasani, Dar es Salaam